Matumbo Mawili ya Askari: Bunduki, Posho na Mgongo Mmoja wa Kubeba Vyote

Askari wa miguu ana matumbo mawili. La kwanza liko chini ya mbavu zake. La pili liko ndani ya bunduki, pale risasi zinapoingia. Yote mawili hudai kulishwa kila siku, na chakula cha yote mawili hukaa kwenye mgongo uleule. Ukimwongezea risasi umempunguzia biskuti, na ukimjazia makopo, risasi zitabaki ghalani.

Wanaolinganisha silaha huwa wanalisahau tumbo la kwanza. Utakuta ubishi wa M16 na AK umekwenda saa nzima, watu wametaja masafa, kasi na kilo za bunduki, na hakuna aliyeuliza mwenye bunduki amekula nini tangu jana. Nimeandika ulinganisho huu kwa mtu mwenye jambo la kuchagua kwelikweli: mwandishi wa riwaya anayetaka mhusika wake abebe mzigo unaoaminika, mbunifu wa mchezo wa vita anayepanga nani apewe nini, mwalimu anayetafuta namna ya kueleza karne mbili za ugavi kwa mfano mmoja. Nitaweka bunduki na posho kwenye mzani mmoja, zama kwa zama, kisha nitasema mimi ningechukua ipi.

Gobori na biskuti ngumu

Tuanze na gumegume, bunduki iliyowashwa kwa cheche ya jiwe. Brown Bess, ambayo Waingereza waliitumia kwa zaidi ya miaka 100 tangu miaka ya 1720, ilikuwa na uzito wa karibu kilo 4.8 na mtutu laini wa milimita 19. Kiswahili kina neno moja, risasi, kwa madini na kwa kile kinachofyatuliwa, na kwa bunduki hii neno hilo linatosha kabisa: kilichotoka mtutuni kilikuwa kidonge cha madini ya risasi, chembamba kuliko mtutu wenyewe, kikigonga ukuta huu na ule hadi nje. Askari aliyefunzwa vizuri alipiga mara tatu kwa dakika. Kumpata mtu mmoja aliyesimama mita 100 mbele ilikuwa bahati, ndiyo maana walipiga kwa safu nzima.

Mitutu yenye mifereji ndani, inayoizungusha risasi ili ishike njia yake, ilikuwepo tayari. Ila ilijazwa polepole mno, kwa kuwa risasi ya kuuma mifereji ilibidi isukumwe kwa nguvu kutoka mdomoni mwa mtutu hadi chini. Mfaransa Claude-Étienne Minié akalitatua mwaka 1849 kwa risasi yenye ncha mbele na shimo nyuma. Unaidumbukiza, inateleza yenyewe. Baruti ikilipuka, kingo za lile shimo zinatanuka na kuikamata mifereji. Enfield ya Waingereza ya 1853 na Springfield ya Wamarekani ya 1861 zilikula risasi za namna hiyo. Uzito wa bunduki haukushuka sana, ulibaki kwenye kilo 4 na ushei, lakini sasa mtu aliyekuwa mita 300 hakuwa salama tena.

Zama hizo mdomo na bunduki vilikuwa karibu kuliko tunavyofikiri. Risasi na baruti zilifungwa pamoja kwenye karatasi iliyopakwa mafuta, na askari aliirarua karatasi hiyo kwa meno. Mwaka 1857, askari wa Kihindi waliokuwa chini ya Waingereza walisikia kwamba mafuta ya karatasi za Enfield mpya ni ya ng'ombe na nguruwe. Mhindu asingeweza kuweka lile la kwanza mdomoni, wala Mwislamu lile la pili. Chuki nyingine zilikuwa zimejaa tele, na uasi ukalipuka. Ofisa ugavi aliyedhani anashughulikia risasi tu kumbe alikuwa anashughulikia chakula pia.

Posho ya wakati huo ilikuwaje? Jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani lilimpa askari aliye safarini ratili moja ya biskuti ngumu kwa siku, yaani kama gramu 450, pamoja na robo tatu ya ratili ya nyama ya nguruwe ya chumvi, sukari, kahawa na chumvi. Nimewahi kuoka biskuti hizo: unga, maji, chumvi kidogo, basi. Zinatoka tanurini kama vigae. Nilipoigonga moja mezani ililia kama ubao, na nilipojaribu kuing'ata nilisikia jino likinionya. Nikafanya walivyofanya wao: nikaiponda kwa kitako cha kisu na kuitia kwenye kahawa ya moto. Baada ya dakika chache ililainika ikawa uji mzito usio na ladha ya kusifia, ila unashiba. Kwa wao kahawa ilikuwa na kazi ya pili, maana fukusi waliokuwa ndani ya biskuti walielea juu na kuenguliwa kwa kijiko.

Linganisha sasa na Waingereza kule Krimea, majira ya baridi ya 1854 hadi 1855. Bunduki zao za mifereji zilizidi sana magobori ya mtutu laini waliyokuwa nayo Warusi wengi. Lakini kahawa waliyogawiwa ilikuwa buni mbichi, ya kijani, haijakaangwa wala kusagwa, na kuni za kukaangia hazikuwepo. Mpishi Alexis Soyer alipofika huko mwaka 1855 na jiko lake la chuma lililotumia kuni kidogo, alifanya kazi ambayo Enfield isingeweza kuifanya. Jiko la muundo wake liliendelea kutumika jeshini kwa zaidi ya miaka 100. Enfield ya 1853 haikumaliza 20.

Kopo nalo lilikuwa limeshazaliwa. Nicolas Appert alilipwa faranga 12,000 na serikali ya Ufaransa kwa njia yake ya kuhifadhi chakula kwenye chupa zilizozibwa na kuchemshwa, akaitangaza mwaka 1810, na mwaka huohuo Peter Durand akapata hataza Uingereza ya kutumia vyombo vya bati. Kilichosahaulika ni namna ya kulifungua. Vifungulia kopo vilikuja miaka ya 1850. Kwa miaka 40 hivi kopo la jeshi lilifunguliwa kwa patasi na nyundo, au kwa singe ya bunduki. Ukiandika riwaya ya miaka hiyo, mpe mhusika wako kopo na singe na umwache ahangaike nalo.

Kwa zama hizi uamuzi wangu ni mwepesi. Bunduki ya Minié inaishinda gumegume bila ubishi, na biskuti inalishinda kopo kwa sababu ni kavu na nyepesi na haidai singe. Mshindi wa jumla ni yule mwenye kahawa iliyosagwa.

Komeo, moshi uliotoweka, na jeshi lililokufa kwa wali mweupe

Prussia, dola kubwa ya Wajerumani, iliikubali bunduki ya Dreyse mwaka 1841. Hii ilijazwa kwa nyuma, ikimaanisha kwamba askari aliweza kujaza akiwa amelala kifudifudi huku mwenzake wa Austria akisimama wima kusukuma risasi kwa ufito. Huko Königgrätz mwaka 1866 tofauti hiyo ilionekana wazi. Ila mwaka 1870 Prussia ilikutana na Ufaransa yenye Chassepot, bunduki iliyofika mita 1,200 wakati Dreyse ilikuwa hoi ikipita 600.

Ukiangalia bunduki peke yake ungempa Mfaransa ushindi. Alishindwa. Mizinga ya Krupp ina sehemu kubwa ya maelezo, sikatai, na vurugu za ugavi wa Kifaransa zina sehemu yake: vikosi vilifika mpakani kabla ya mizigo yao. Mjerumani kwa upande wake alikuwa na kitu kipya mkobani, soseji ya njegere iliyobuniwa na mpishi wa Berlin, Johann Heinrich Grüneberg, mwaka 1867. Ilikuwa unga wa njegere uliokandwa na mafuta ya nguruwe, vitunguu na viungo, ukafungwa kama soseji. Unakata kipande, unakivunjia kwenye maji yanayochemka, una supu. Sijui posho nyingine ya karne ile iliyokuwa nyepesi na ya moto kwa wakati mmoja.

Baruti isiyo na moshi ya Paul Vieille, na bunduki ya Lebel ya 1886 iliyoitumia, zilileta badiliko ambalo ndilo kubwa kupita yote upande wa silaha. Risasi ikawa nyembamba, milimita 8 badala ya 11, ikaenda kasi zaidi, na mpigaji hakujitangaza tena kwa wingu jeupe. Kisha ukaja umbo lililodumu nusu karne: bunduki ya komeo la kuvutwa kwa mkono, yenye magazini, yaani kisanduku cha risasi. Mauser ya 1898 ilibeba risasi 5, Lee-Enfield ya 1907 ilibeba 10. Wapenzi wa Mauser watasema komeo lake ni imara zaidi, na ni kweli. Mimi ningechukua Lee-Enfield kwa sababu komeo lake huvutwa upesi: kipimo cha Waingereza kilikuwa risasi 15 za kulenga kwa dakika, shabaha ikiwa mita 270 hivi.

Hapo ndipo tumbo la pili linaanza kuwa na ulafi. Mfumo wa mikanda wa 1908 ulimbebesha Mwingereza risasi 150. Kila moja ina gramu 25 hivi, kwa hiyo ni karibu kilo 4 za risasi, sawa na kubeba bunduki ya pili. Kwa tumbo la kwanza aliachiwa posho ya akiba: nyama ya kopo, biskuti, chai na sukari, na haikuruhusiwa kuguswa bila amri ya ofisa. Chakula cha kila siku kilitakiwa kitoke nyuma. Wajerumani walikuwa na jiko la magurudumu lililopika likiwa safarini, na kwa sababu bomba lake la moshi lilifanana na mtutu, askari waliliita mzinga wa gulashi, yaani mchuzi wa nyama. Likifika, vikosi vilikula vizuri. Barabara ikipigwa, walirudi kwenye kopo.

Mfano ninaoupenda zaidi wa zama hizi hauko Ulaya. Japani iliingia vita na Urusi mwaka 1904 ikiwa na Arisaka ya milimita 6.5, miongoni mwa risasi nyembamba kuliko zote za majeshi makubwa ya wakati ule. Risasi nyembamba ni nyepesi na haitingishi bega sana, na majeshi mengine yalihitaji miaka 60 zaidi kuukubali ukweli huo. Kwa hiyo tumbo la pili lilipangiwa vizuri sana. La kwanza likapewa wali mweupe.

Mchele uliokobolewa haudumishi mtu. Unakosa vitamini ambayo kukosekana kwake huleta beriberi: miguu inakufa ganzi, inavimba, moyo unachoka. Jeshi la majini la Japani lilikuwa limeshajifunza. Meli Ryūjō ilipomaliza safari ya miezi tisa mwaka 1883, kati ya mabaharia 376 waliougua walikuwa 169, na 25 walikufa. Daktari Takaki Kanehiro akaipeleka meli nyingine, Tsukuba, kwenye njia ileile ikiwa na nyama, mkate na shayiri, na beriberi haikumuua hata mmoja. Jeshi la nchi kavu halikutaka kusikia. Madaktari wake waliamini ni ugonjwa wa vijidudu, na wali mweupe ulikuwa pia heshima kwa kijana aliyetoka kijijini. Katika vita vya 1904 na 1905 beriberi iliua zaidi ya askari 20,000 wa nchi kavu. Ukiulizwa kama posho inaweza kuharibu kazi ya bunduki nzuri, jibu ni hilo, na shayiri ilikuwa bei rahisi kuliko mchele.

Bunduki ya kujijaza na mtu aliyeingia dukani

Marekani iliingia Vita vya Pili vya Dunia na M1 Garand, iliyokubaliwa mwaka 1936. Ilijijaza yenyewe, risasi 8 kwa kibanio, kilo 4.3. Wengine wengi walikuwa bado wanavuta komeo. Sitaizungumzia sana. Ni bunduki nzuri, nzito, na risasi yake ina gramu 26 hivi.

Posho zake ndizo zenye hadithi, maana Marekani ilikuwa na tatu kwa pamoja, na kuzilinganisha kunafundisha.

Ya kwanza ni posho C: makopo sita kwa siku, matatu ya nyama na matatu ya biskuti, kahawa na vitamutamu. Ukijumlisha bati lenyewe, ni zaidi ya kilo 2 kwa siku. Siku tatu za posho C zinaizidi Garand iliyojazwa. Inashibisha, inachosha ulimi, inagongana mkobani na kutoa sauti.

Posho D ilikuwa chokoleti. Mwaka 1937 Kapteni Paul Logan alikiomba kiwanda cha Hershey kipande cha aunsi 4, chenye nguvu nyingi, kisichoyeyuka kwenye joto, na chenye ladha bora kidogo tu kuliko kiazi kilichochemshwa. Sharti hilo la mwisho lilikuwa la makusudi, ili askari asikile kabla hajashikwa na shida. Walifaulu kupita kiasi: askari wengi hawakukila hata waliposhikwa na shida.

Posho K ilitoka kwa mtaalamu wa lishe Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Mwaka 1941 aliingia dukani, akanunua biskuti, soseji kavu, peremende na chokoleti, akapata kitu cha gramu 800 hivi chenye kilokalori 3,200. Jeshi likakipanga kwenye maboksi matatu, asubuhi, mchana na jioni, jumla kilokalori kama 2,830. Boksi lilipakwa nta, na ukiliwasha lilipasha kikombe cha kahawa. Ni posho iliyofikiriwa vizuri kuliko zote za vita ile, na ndiyo iliyotumiwa vibaya kuliko zote. Ilikusudiwa siku chache. Huko Burma mwaka 1944 kikosi kilichojulikana kama Merrill's Marauders kiliishi nayo kwa miezi msituni, kikakonda na kuugua. Kosa halikuwa la boksi. Na askari walikuwa wanatupa unga wa limau kwa uchungu wake, nao ndio uliobeba vitamini C.

Kwa hiyo kama mhusika wako anatembea siku mbili au tatu, mpe K. Akikaa handakini wiki nzima mpe C, pamoja na kile kifungulia kopo kidogo cha P-38 kilichobuniwa Chicago mwaka 1942: kipande cha chuma chenye urefu wa milimita 38, kinachokunjwa na kuning'inizwa shingoni pamoja na kibati cha jina. Wapo waliokaa nacho maisha yao yote.

Ubishi wenyewe: nzito, ya kati, nyepesi

Wajerumani walionyesha njia mwaka 1944 kwa StG 44 na risasi yake iliyofupishwa. Wakagundua kile ambacho vita viwili vilikuwa vinakisema: askari wengi hupigana ndani ya mita 300, na risasi ya kufika mita 1,000 ni mzigo wa bure. Muungano wa Kisovieti ukafuata kwa AK ya Mikhail Kalashnikov, iliyokubaliwa mwaka 1949, ile ambayo msomaji wa magazeti ya Kiswahili huikuta imeandikwa SMG. Marekani ikakaidi, ikachukua M14 mwaka 1957 na kuwavuta washirika wake wa NATO kwenye risasi nzito ya 7.62×51 (unene wa risasi na urefu wa ganda, kwa milimita), inayoliwa pia na FAL ya Ubelgiji na G3 ya Ujerumani. Kisha ikageuka ghafla na kuichukua M16 ya Eugene Stoner yenye risasi ya 5.56.

Hizi hapa bega kwa bega, pamoja na wadogo zao: AKM ni AK iliyopunguzwa uzito, AK-74 ni AK ya risasi nyembamba, na M4 ni M16 iliyofupishwa. Nimezungusha tarakimu.

| Risasi | Bunduki | Uzito wa moja | Zinazoingia kwenye kilo 1 |
|---|---|---|---|
| .30-06 | Garand | gramu 26 | 38 |
| 7.62×51 | M14, FAL, G3 | gramu 24 | 41 |
| 7.62×39 | AK, AKM | gramu 16.5 | 60 |
| 5.56×45 | M16, M4 | gramu 12 | 83 |
| 5.45×39 | AK-74 | gramu 10.7 | 93 |

Safu ya mwisho ndiyo ya kuiangalia. Sasa tuweke bunduki yenyewe na magazini zake, tumpe kila askari kilo 6.3 hivi. Mwenye M14 anatoka na risasi 60, magazini tatu. Mwenye AKM anatoka na 120, kwa kuwa bunduki yake ni kilo 3.1 lakini magazini zake za chuma ni nzito. Mwenye M16 anatoka na 210. Uzito uleule, na mmoja ana risasi mara tatu na nusu ya mwenzake.

Au tuibadilishe tofauti hiyo kuwa chakula. Mlo mmoja wa kopo wa Wamarekani katika vita vya Vietnam, ulioitwa MCI, ulikuwa na kilo 1.2, sawa kabisa na risasi 100 za M16. Askari aliyeacha M14 na kuchukua M16 angeweza kubaki na risasi zake 60 na kubeba karibu milo miwili zaidi. Wachache walifanya hivyo. Wengi waliongeza risasi. Mtu akiwa na hofu hulisha tumbo la pili kwanza.

Lakini karatasi si matope. M16 za mwanzo zilipofika Vietnam zilikwama mikononi mwa watu. Baruti ya risasi ilikuwa imebadilishwa kuwa aina iliyochafua zaidi, chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, haikupakwa kromu, na vifaa vya kusafishia havikutosha kwa sababu uvumi ulishasambaa kwamba bunduki hii haihitaji kusafishwa. Kamati ndogo ya bunge la Marekani chini ya mbunge Richard Ichord ilichunguza mwaka 1967 na kulilaumu jeshi vikali. M16A1 yenye kromu, pamoja na brashi na mafuta, ikatuliza mambo. AK yenyewe ilikuwa na kromu ndani ya mtutu na nafasi pana kati ya vipande vyake, na mchanga ulipata pa kwenda.

Kwa hiyo mlaji mdogo kuliko wote alikuwa pia mchaguzi wa chakula. M16 hula kidogo ila hutaka kilicho safi. AK hula zaidi na haichagui. M14 hula kwa uzito mkubwa, na ukiwa jangwani au mlimani, adui akiwa mita 600, utashukuru kwamba umeilisha.

Kopo, unga au pakiti

Upande wa mkoba, vita vya Vietnam vilizaa ulinganisho uleule. MCI lilikuwa kopo: zito, linaliwa hata baridi, na lina majimaji yake ndani. Posho ya doria za mbali, LRP, ilikuwa chakula kilichokaushwa kwa kugandishwa, gramu 310 hivi kwa mlo wenye kilokalori karibu 1,100. Robo ya uzito! Doria zikaipenda, kisha zikagundua kilichofichwa kwenye hesabu hiyo: chakula kikavu kinadai maji, na lita moja ya maji ni kilo moja. Palipo na mito, LRP ni zawadi. Pasipo na maji, umehamisha tu uzito kutoka mfuko mmoja hadi chupa. Ukikila kikavu ndiyo mbaya zaidi, maana kitayafuata maji yaliyomo mwilini mwako.

MRE, kifupi cha Kiingereza cha mlo ulio tayari kuliwa, iliyoanza kuwafikia askari wa Marekani mwaka 1981, ni mapatano kati ya hayo mawili. Chakula kinabaki na maji yake, ila bati limeondolewa. Badala yake kuna mfuko laini wa tabaka za plastiki na alumini unaopikwa ukiwa umezibwa, kama kopo. Wastani ni kilokalori 1,250, na mfuko mmoja una kati ya gramu 510 na 740. Mitatu kwa siku ni kilo 1.5 hadi 2.2. Haifai kuwa chakula pekee kwa zaidi ya siku 21.

Kilichonishinda kuiponda MRE ni kipasha moto chake. Ni mfuko mwembamba wenye unga wa magnesiamu, chuma na chumvi. Unatia maji kidogo, kama funda mbili, unachomeka pakiti ya chakula, unaukunja. Sekunde chache unasikia kama kuna kitu kinakaanga humo ndani, mvuke unaanza kutoka wenye harufu ya chuma, na mfuko unakuwa wa moto hata hauwezi kuushika kwa vidole vitupu. Maelekezo yanakuchorea mfuko ukiwa umeegemezwa, na pembeni pameandikwa kwamba uuegemeze kwenye jiwe au kitu. Jiwe au kitu! Hakuna moto, hakuna moshi wa kumwita adui. Kama vile baruti ya Vieille ilivyomfanyia mpigaji, hiki kimemfanyia mlaji.

Majeshi mengine hufunga siku nzima kwenye boksi moja. La Kifaransa lina kilokalori 3,200 na bado linathubutu kuwa na makopo madogo ya pate, pamoja na jiko dogo la kuwasha. La Kiingereza linafika kama 4,000 na halisahau chai. Ukiwa na gari jirani, haya yanaishinda MRE kwa furaha ya ulimi. Kwa miguu, hapana. Kwa miguu Marekani ilitengeneza First Strike, posho ya mwendo wa haraka, siku nzima kwenye mfuko mmoja, kilokalori kama 2,900, karibu nusu ya uzito wa MRE tatu. Inaliwa huku unatembea. Ni posho K iliyopata elimu, na ina kikomo kilekile: siku tatu, si wiki tatu.

Upande wa bunduki, mwaka 2022 jeshi la nchi kavu la Marekani lilichagua silaha ya Sig Sauer, sasa inaitwa M7, yenye risasi ya 6.8. Bunduki ni kilo 3.8 bila kizuia sauti, na mzigo wa kawaida umeshuka kutoka risasi 210 za M4 hadi 140. Wanataka kutoboa fulana za kisasa za kuzuia risasi kwa mbali, na sababu hiyo ina uzito. Ila hata zikiwa chache hivyo, zile 140 ni nzito kuliko zile 210. Kilo zilizookolewa na MRE na First Strike zinarudi mgongoni kwa mlango wa risasi.

Ningebeba nini

Msituni au vijijini, mvua na matope, ugavi wa kubahatisha, mapigano ya karibu: AKM na posho ya makopo au MRE. Zote mbili zinavumilia uzembe.

Mwendo wa siku tatu kwa miguu, maji yapo njiani, kikosi chenye nidhamu ya kusafisha silaha kila jioni: M16 iliyorekebishwa au M4, pamoja na LRP au First Strike. Huu ndio mzigo ninaoupenda mimi, na nakiri ni wa mtu anayeamini kwamba kesho atafikiwa na helikopta.

Jangwa au milima mitupu, adui wa mbali: FAL au M14, na chakula chenye majimaji yake. Usidanganywe na wepesi wa unga mkavu hapo. Kata risasi kabla hujakata maji.

Kwa zama za komeo, Lee-Enfield na jiko la magurudumu nyuma yake. Jiko likikosekana, nipe kile kipande cha soseji ya njegere.

Na ukichagua MRE kwa mhusika wako, usimwache aondoke na mifuko ilivyofungwa. Mpe dakika kumi usiku wa kuamkia safari: aichane yote, atupe maboksi ya karatasi, aache chochote asichokipenda, abadilishane na jirani jibini kwa siagi ya karanga, afunge kilichobaki kwa utepe wa gundi. Wanaobeba kweli hufanya hivyo. Nafasi itakayopatikana mkobani ataijaza na magazini moja zaidi.